Ofisi Haijengwi kwa Macho ya Mgeni Peke Yake



Twaomba nafasi katika karatasi hii tuseme neno juu ya jambo ambalo wengi hulidhani kuwa dogo, nalo ni mpango wa ndani wa majumba makubwa ya ofisi. Twajua ya kuwa wako watakaotucheka. Watasema, "Karani amekwisha kupewa paa juu ya kichwa na meza mbele yake, sasa ataka kumfundisha msanifu wa majengo kazi yake!" Hasha, hatutaki kumfundisha mtu kazi yake. Twataka msanifu aijue kazi yetu kabla hajashika kalamu, maana yeye atauchora mchoro kwa miezi michache akaenda zake, na sisi tutaketi ndani yake mpaka siku ya kustaafu.

Mji wa Karatu si ule wa zamani. Tangu wilaya ilipotengwa na Mbulu katika miaka ya 1990, na tangu barabara ya lami kutoka Makuyuni ilipofika lango la Lodoare mwanzoni mwa karne hii, kazi za serikali, za mabenki na za makampuni ya watalii zimeongezeka sana. Ofisi zilizokuwa chumba kimoja na baraza zimekuwa nyumba za ghorofa. Tena kwa miaka kadhaa pamekuwa na shauri la kuteremsha ofisi na makazi ya watumishi kutoka ukingoni mwa kreta mpaka Karatu, ili mzigo wa majumba na magari upungue mle hifadhini. Shauri hilo hatulipingi. Walakini kila ijengwapo nyumba mpya twaliona kosa lile lile likirudiwa, na kosa likisha kumwagiwa zege halifutiki kwa barua wala kwa kikao.

Kosa lenyewe ni hili: nyumba hupangwa kwa kuanzia mlangoni, na fedha na fikira hukoma papo hapo mlangoni. Msanifu huanza na ukumbi wa mapokezi. Huweka vigae ving'aavyo, kioo kutoka sakafuni hata darini, picha kubwa ya faru, na viti vya ngozi ambavyo mwenye matope miguuni haonei uthubutu wa kuvikalia. Kisha huchagua upande wenye mandhari nzuri kwa ajili ya chumba cha mkubwa na chumba cha mikutano. Baada ya hapo kinachosalia hugawiwa wahasibu, masijala, watunza stoo, wapiga chapa, na mwananchi aliyekuja na shida yake. Wazee husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Katika nyumba hizi mgeni amekuja, na mwenyeji amehamishiwa ghalani.

Tulipata kufanya kazi katika nyumba ya namna hiyo, ambayo hatutaitaja jina wala mahali. Ukumbi wake ulisifiwa na kila aliyeingia. Masijala iliwekwa chini kabisa, katika chumba kisicho na dirisha, na juu ya makabati yalipita mabomba ya maji ya vyoo vya ghorofa ya juu. Siku moja bomba likapasuka usiku. Asubuhi tulikuta majalada yamevimba kama mikate iliyotiwa majini. Mmoja wa wazee wetu wa kazi alikuwa amebakiza miezi 3 kustaafu, na barua yake ya kuajiriwa ilikuwa katika kabati lile. Ilimlazimu kuzunguka ofisi kwa ofisi akitafuta nakala, akiuliza watu ambao wengi wao walikwisha kuhama au kufa, ili athibitishe ya kuwa alifanya kazi miaka yote ile aliyoifanya. Hakuna aliyemwibia mzee yule, wala hakuna aliyemchukia. Alidhulumiwa na mchoro. Tangu siku ile hatukubali mtu atuambie ya kuwa mpango wa ndani wa nyumba ni mambo ya mapambo.

Basi na tuyatazame mambo yenyewe moja moja.

Kwanza, nuru. Karatu iko nyuzi 3 na kidogo kusini ya Ikweta. Jua letu hupita karibu na utosi mwaka mzima, likielekea kusini kidogo mwezi wa Desemba, na kaskazini mwezi wa Juni. Kwa hiyo ukuta wa kaskazini na ukuta wa kusini hulindwa kwa ukingo mfupi tu wa paa. Walakini ukuta wa mashariki na ukuta wa magharibi hupigwa na jua la chini, asubuhi na jioni, ambalo hapana ukingo wa paa uwezao kulizuia. Jambo hili kila mchungaji wa mbuzi alijua. Lakini mlima wa Oldeani na msitu wa nyanda za juu viko upande wa magharibi wa mji, nayo ni mandhari ipendezayo. Basi jengo lote hufunguliwa vioo upande huo, mlima uonekane. Matokeo yake ni nini? Saa 9 ya mchana karani huvuta pazia, huwasha taa, na hununua feni kwa fedha yake. Mlima hauonekani tena na mtu yeyote, ila yule aliyepiga picha ya jengo siku ya kufunguliwa.

Tena wajenzi wana kipimo kijulikanacho: nuru ya dirisha huingia ndani ya chumba kiasi cha mara mbili, au mbili na nusu, ya kimo cha dirisha kutoka sakafuni. Dirisha likifika mita 2 na nusu, nuru itafika mita 5 au 6, kisha giza. Anayejenga chumba chenye kina cha mita 15 kwa dirisha la upande mmoja amekwisha kuamua ya kuwa nusu ya watu wake na zaidi watafanya kazi chini ya taa tangu asubuhi hata jioni. Na umeme ukikatika, watu hao hukaa gizani wakati jua linawaka nje.

Pili, baridi na upepo. Juu ukingoni, penye kimo cha zaidi ya mita 2,200, ukungu huingia asubuhi mpaka katika vyumba, na mwezi wa Julai vidole vya mpiga chapa hufa ganzi. Karatu, iliyo karibu mita 1,500, ina usiku wa baridi na mchana wa joto, na wakati wa kiangazi vumbi lake jekundu huingia katika daftari, katika kompyuta na katika chai. Wenyeji wa nchi hii waliyajua haya kabla ya kuja kwa ramani za karatasi. Wairaqw wa zamani waliichimba nyumba ndani ya mteremko na kuiezeka kwa udongo, ikakaa na joto usiku na ubaridi mchana, tena adui asiione kwa mbali. Wamasai, ambao kwao nyumba hujengwa na wanawake, huupinda mlango wa kuingilia ili upepo usifike motoni. Wanawake wale hawakupata shahada, lakini wanajua mlango ukielekea moja kwa moja mahali pa kukaa, kila aingiaye huingia na upepo wake.

Sasa tazama jengo jipya: mlango mpana wa kioo umeelekezwa penye upepo, nyuma yake ukumbi wa kimo cha ghorofa 2, na katikati ya ukumbi ameketishwa binti wa mapokezi aliyejifunga mtandio shingoni mwaka mzima. Lau ukuta mmoja ungalipindwa hatua 3, binti yule angalipona mafua.

Asije mtu akasema twataka kurudi katika nyumba za tembe. Katika mji wa Harare, mwaka 1996, lilifunguliwa jengo kubwa la ofisi na maduka liitwalo Eastgate, kazi ya msanifu Mick Pearce. Jengo lile halikutiwa mitambo ya kawaida ya viyoyozi. Hewa ya usiku yenye ubaridi hupitishwa katika nafasi zilizoachwa ndani ya sakafu na kuta zake, ikaipoza zege, na mchana zege ile huwarudishia watu ubaridi, huku hewa ya moto ikipanda na kutoka kwa mabomba ya juu. Watu husimulia ya kuwa fikira ile ilitoka katika kichuguu cha mchwa. Vichuguu tunavyo tele. Tunachokosa ni wakubwa wenye subira ya kuuliza usiku wetu una baridi kiasi gani kabla ya kuagiza viyoyozi.

Tatu, ule ukumbi mmoja mpana usio na kuta, ambao siku hizi umekuwa fasheni. Twaambiwa ya kuwa kuta zikiondolewa watumishi watashirikiana na kazi itakwenda mbio. Khabari hii si mpya. Huko Buffalo, nchi ya Marekani, kampuni ya Larkin iliyouza sabuni kwa njia ya posta ilijengewa nyumba ya ofisi na Frank Lloyd Wright, ikamalizika mwaka 1906. Makarani waliketi kuuzunguka uwazi mkubwa ulioingiza nuru kutoka juu, na mpaka meza na viti vya chuma alivichora msanifu mwenyewe. Sifa yake ilienea ulimwenguni. Walakini viti vingine vilishikizwa kwenye meza kwa mkono wa chuma, hata karani hakuweza kukisogeza kiti chake apendavyo. Nyumba ilikuwa nzuri, nayo ilimfunga karani mahali pamoja kama mbuzi wa kamba. Mwaka 1950 ilibomolewa.

Baadaye, katika nchi ile ile, Robert Propst alitoa meza na vizuio vya kuhamishika, mwaka 1964, na tena mwaka 1968. Nia yake ilikuwa njema: mtu aweze kusimama akiandika, kuketi akisoma, na kupapanga mahali pake kwa kadiri ya kazi. Wenye makampuni walivichukua vizuio wakaiacha nia, wakawapanga watu katika vibanda vidogo vidogo safu kwa safu. Propst, aliyekufa mwaka 2000, aliishi hata akayaona hayo na kuyalaumu. Basi msituletee kwa jina la maendeleo kitu ambacho mwenye kukibuni alikijutia.

Sisi twauliza swali moja tu juu ya ukumbi mpana: siri ya watu itakaa wapi? Mtumishi ajapo kueleza ugonjwa wake ili apate ruhusa, atasema mbele ya meza 40? Mjane ajapo kufuata mafao ya marehemu, atalia mbele ya wasafirishaji wa watalii waliokuja kulipa ada? Mhasibu ahesabupo fedha za watu, atahesabu huku simu 6 zikipigwa nyuma yake? Ziko kazi zipendazo ukumbi, nazo zipewe ukumbi. Ziko kazi zitakazo mlango unaofungwa, nazo zipewe mlango. Kuzitofautisha hakuhitaji akili nyingi, ila kuhitaji mtu wa kuuliza.

Nne, haki iliyoandikwa katika sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mama anyonyeshaye nafasi ya kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi, mpaka saa 2 kwa siku. Saa zimetolewa, chumba hakikutolewa. Mama aketi wapi? Tumewaona wakinyonyesha stoo, kati ya makatoni ya karatasi, na wengine katika gari la kuazima. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yataka majengo ya umma yafikike na watu wote. Nayo hutimizwa kwa njia ya mtelemko mmoja wa saruji mbele ya mlango, ili mkaguzi auone. Ukisha kuingia, dirisha la huduma limeinuliwa kifuani mwa mtu mzima, mlango wa choo hauingii kiti cha magurudumu, na ofisi unayoitaka iko ghorofa ya pili, lifti ikingoja fundi. Bibi kizee kutoka Endabash, aliyeamka alfajiri kupanda gari, husimama akiinua hati yake juu ya kichwa kama aombaye. Si heshima kwake, wala si heshima kwa karani anayelazimika kumwinamia kama hakimu.

Tano, nyumba iweze kugeuka. Jina la Ngorongoro limewekwa juu ya bawa moja la jengo kubwa la Arusha lenye mabawa 3. Mengine yaitwa Kilimanjaro na Serengeti. Jengo lile lilijengwa kwa ajili ya ofisi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, na mwaka uliofuata jengo likawa Kituo cha Mikutano cha Kimataifa. Kisha Umoja wa Mataifa ulipoanzisha mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda mwishoni mwa mwaka 1994, ndani ya jengo lile lile vyumba viligeuzwa kuwa vyumba vya mahakama, vyenye vioo na nafasi za wakalimani, mpaka mahakama ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Anayepanga leo hajui kesho italeta kazi gani. Basi zile kuta zisizobeba mzigo zijengwe hivi kwamba fundi aweze kuziondoa bila kuitikisa nyumba, na nyaya na mabomba yapitishwe mahali panapofikika, mbali na karatasi za watu.

Tumekwisha kuyasikia majibu ya wapinzani wetu. La kwanza ni gharama. Twawajibu ya kuwa kuligeuza jengo likabili kaskazini na kusini, wakati lingali katika karatasi, hakugharimu ila mpira wa kufutia. Kulihamisha dirisha la huduma lishuke hakugharimu kitu. Masijala ikiwekwa mahali pakavu ni akiba, maana jalada moja lililooza hula siku nyingi za watu wengi. Kinachogharimu ni vioo vya magharibi, pamoja na mapazia ya kuvifunika na viyoyozi vya kushindana navyo.

La pili ni heshima. Wasema nyumba ni uso wa idara, na mtalii atokaye mbali ahukumu nchi kwa ukumbi wake. Nasi twapenda nchi yetu isifiwe. Lakini mtalii hakuja kutazama vigae. Vigae anavyo kwao. Hupita kulipa ada, kisha huenda zake kreta, na kinachomkasirisha ni kukawia kwa hati. Hati hukawia kwa sababu karani yu gizani na jalada li mbali. Heshima ya idara hukaa katika barua iliyojibiwa kwa wakati.

Haifai tuwalaumu wengine tu tukajisahau. Sisi makarani tuna lawama yetu. Wako miongoni mwetu wanaoziba madirisha kwa makabati, kisha wakalalamikia giza. Wako walioitwa mara moja kutoa maoni wakanyamaza, kwa hofu au kwa uvivu, kisha wakanung'unika katika chai. Wako, tena, ambao wakipandishwa cheo huwa wa kwanza kulitaka dirisha la mandhari na kufunga mlango. Wazee wetu waliounda chama cha watumishi Waafrika huko Tanga mwaka 1922, Bwana Martin Kayamba akiwa mmoja wao, hawakungoja kuulizwa, waliandika. Nasi tuandike.

Kwa hiyo twatoa mashauri haya, na twawaomba wanachama wayajadili katika mkutano ujao. Kwamba kila ofisi kubwa ikusudiwapo kujengwa Karatu au Ngorongoro, ramani ya ndani ionyeshwe makarani watakaokaa humo kabla ya zabuni kutangazwa, na maneno yao yaandikwe. Kwamba asiwekwe mtu wa kudumu katika chumba kisicho na dirisha. Kwamba masijala iwe mahali pakavu, pasipo bomba juu yake, karibu na wenye kuitumia. Kwamba kila dirisha la huduma liwe na sehemu ya chini ya kumfaa mtu aliyeketi, na wanaongoja wapate viti, maji na choo. Kwamba chumba cha mama na mtoto kichorwe tangu mwanzo, kisiwe jambo la kutafutiwa stoo baadaye. Na kwamba kamati yetu ichague watu 3, mmoja wao akiwa mtunza masijala na mmoja akiwa mwanamke, wa kuzisoma ramani hizo kwa niaba yetu.

Hatuombi marumaru. Marumaru tumewaachia wageni. Twaomba nuru ya kusomea, ukuta wa kuzuia upepo, na kabati kavu la kutunzia jina la mtu aliyeitumikia nchi yake, ili siku ya kustaafu asiambiwe athibitishe ya kuwa alikuwapo.

Kuuliza si ujinga. Mwenye kalamu ya kuchora na aje atuulize, nasi tutamjibu kwa adabu na kwa vipimo.

Ni sisi wenzenu katika kazi.